Detroit wasimwachie mrushaji wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mwandishi wako wa michezo, aliyeandika wiki iliyopita kwamba timu ya besiboli ya Marekani, Detroit Tigers, imuuze mrushaji wake Tarik Skubal sasa hivi, kabla hajaondoka bure msimu wa 2026 ukiisha. Najua wengi waliupita ukurasa ule wakaenda kwenye Simba na Yanga. Mimi niliukata nikaubandika ukutani ghalani, ili kila nikihesabu magunia nikumbuke kukasirika.

Mimi ni mama wa dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Nina mitumbwi minne na vichanja vya kuanikia, na besiboli nimeijua uzeeni kwa sababu ya mjukuu. Mkwe wangu alivuka ziwa akiwa mtoto mwaka 1996, vita ilipowaka kule Kivu Kusini, akakulia kambi ya Nyarugusu, Kasulu. Akamwoa binti yangu, safari yao ya Marekani ikatoka, wakapelekwa Grand Rapids, jimbo la Michigan, liliko jiji la Detroit. Huko ndiko alikozaliwa mume wangu. (Asiyeujua utani wa bibi na mjukuu amuulize mwenye mvi aliye karibu naye.) Sasa ana miaka kumi na miwili, ni mrushaji wa timu ya watoto, anarusha kwa mkono wa kushoto kama Skubal, na amenitumia fulana ya Tigers yenye namba 29 mgongoni. Naivaa nikianika. Wateja wangu wa kutoka Burundi wameshaniita Mama Ishirini na Tisa.

Besiboli sikuifahamu kwa siku moja. Mwaka 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia Mei hadi Agosti ili samaki wazaliane, nilikaa miezi mitatu sina mtumbwi wa kusubiri. Mtu aliyezoea kukesha miaka thelathini hawezi kuambiwa lala akalala. Detroit wakianza mechi saa moja jioni kwao, huku ni saa nane za usiku, saa yangu kabisa. Basi mjukuu akawa ananipigia video, anaielekeza simu kwenye televisheni yao, ananifundisha. "Bibi, huyo akirusha mpira mpigaji akaukosa, hiyo moja. Zikifika tatu anakwenda kukaa." Nikamwambia mume wangu, hilo hata mbuzi anaelewa, nieleze kwa nini yule bwana kapanda kichuguu. Kumbe mrushaji husimama juu ya kilima kidogo cha udongo katikati ya uwanja, na mchezo mzima haujongei mpaka yeye aamue kuuachia mpira.

Mwaka huo Skubal alishinda mechi 18 akapoteza 4, akachukua tuzo ya Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa ligi yao. Mwaka 2025 akaichukua tena. Ana mpira mmoja unaokwenda karibu kilomita 160 kwa saa, na ana mwingine anaourusha kwa mkono uleule, mkao uleule, uso uleule, lakini unakuja taratibu kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Mpigaji anakuwa ameshazungusha gongo lake lote, mpira bado uko njiani. Huo wa pili ndio ninaoukesha.

Sasa nije kwa mwandishi wako. Kwanza neno "auzwe" limewapoteza wasomaji, kwa sababu wamefikiria mambo ya mpira wa miguu, kwamba Fiston Mayele ametoka Yanga kwenda Pyramids ya Misri, fedha zimeingia, klabu ikanunua wengine. Besiboli ya Marekani haiendi hivyo. Huko timu hubadilishana watu. Mkataba wa mmoja unahamia kule, mikataba ya wawili watatu inakuja huku, na mara nyingi wanaokuja ni vijana ambao hawajacheza hata mechi moja ya ligi kubwa. Mchezaji mwenyewe haulizwi, labda awe na kipengele cha kukataa, au awe amemaliza miaka 10 kwenye ligi kubwa, mitano ya mwisho kwenye timu hiyohiyo. Skubal alianza 2020, hana haki hiyo. Zamani walikuwa wanauzana kwa fedha taslimu pia, ndivyo Boston walivyompeleka Babe Ruth New York, biashara iliyotangazwa Januari 1920. Boston walikuwa mabingwa 1918. Walirudi kuwa mabingwa 2004. Hesabu mwenyewe, Mhariri.

Kwa hiyo swali si kama Detroit watapata fedha. Swali ni kama watawapokea vijana watatu wanaosemwa kuwa watakuja kuwa wazuri, wamtoe mtu ambaye ni mzuri leo.

Mwandishi wako ana hoja, na sitaki kumdhulumu. Mkataba unakwisha. Wakala wa Skubal ni Scott Boras, ambaye kazi yake inajulikana: huwapeleka wachezaji sokoni, hawapi timu bei ya ujirani. Yoshinobu Yamamoto alipata dola milioni 325 kwa miaka 12 kutoka Los Angeles Dodgers, Desemba 2023, kabla hajarusha mpira hata mmoja kwenye ligi ya Marekani. Skubal ana Cy Young mbili, hawezi kutaka chini ya hapo. Na Detroit wameshawahi kuungua: Max Scherzer alikaa mpaka mkataba ukaisha, akaenda zake Washington mwanzoni mwa 2015 kwa dola milioni 210, na Detroit wakabaki na nafasi moja ya ziada ya kuchagua kijana, siku timu zinapogawana wachezaji wapya. Kule Scherzer akachukua Cy Young mbili zaidi na ubingwa wa 2019. Ukimtazama huyo peke yake, utasema kweli, uza mapema.

Lakini kwa nini mwandishi amemtaja Scherzer akamnyamazia Justin Verlander? Mambo ya Detroit hayataki kutafutwa mbali. Tarehe 31 Agosti 2017, usiku, zikiwa zimebaki sekunde dirisha lifungwe, walimtoa Verlander kwenda Houston. Yeye alikuwa na ile haki ya miaka kumi, ikabidi akubali mwenyewe, akakubali. Houston wakawa mabingwa mwaka huohuo, na Verlander akachukua Cy Young mwaka 2019 na tena 2022. Detroit walipata vijana watatu. Aliyesifiwa kuliko wote, Franklin Pérez, aliumia na kuumia tena, hakuwahi kufika kwenye ligi kubwa. Wa pili alipita tu. Wa tatu, Jake Rogers, ndiye mdakaji, yaani anayeidaka mipira ya mrushaji, ambaye angalau amewafaa.

Na nyuma zaidi, Agosti 1987, walimtaka mrushaji mzee Doyle Alexander, wakatoa kijana wao. Mzee alifanya kazi yake: mechi 9 alishinda, hakupoteza hata moja, na Detroit wakaongoza kundi lao. Kijana waliyemtoa anaitwa John Smoltz, leo yuko kwenye Jumba la Heshima la besiboli. Namtaja huyu kwa sababu anaonyesha kwamba hata anayepokea fundi na kutoa kijana anaweza kulia baadaye. Hakuna njia isiyo na miiba. Mwandishi wako ameandika kama kwamba iko moja.

Nitaeleza yangu, maana hapa ndipo ninapojua ninachosema.

Mwaka 2013 nilikuwa na mitumbwi miwili tu na nahodha mmoja ambaye mwalo mzima ulimjua. Uvuvi wa dagaa ni wa taa: unakwenda ziwani usiku usio na mwezi, unawasha, dagaa wanapanda kuja kwenye mwanga. Kuwasha hata mtoto anaweza. Kazi iko kwenye kuzima. Unazima taa moja moja, taratibu, ili dagaa wahame kutoka kwenye mwanga huu kwenda ule, mpaka wote wamejaa chini ya taa moja, ndipo wavu unapandishwa. Ukizima haraka wanashtuka wanazama. Ukichelewa, migebuka wamekuja wamewatawanya. Nahodha wangu alikuwa akiinama pembeni ya mtumbwi, kidevu karibu kiguse maji, mkono umeinuliwa nyuma hivi, na vijana wote wanautazama ule mkono. Hakuwa anasema "zima". Alikuwa anakunja kidole kimoja. Nilikwenda naye mara moja tu, nikakaa nyuma nimejifunga mtandio, nikakiona kile kidole dakika ishirini hakijakunjwa, vijana wanapumua juujuu. Kilipokunjwa, tulipandisha wavu ambao watu sita hawakuuweza mpaka na mimi nikashika.

Tajiri mmoja wa mwalo mwingine, jina lake halina haja, akamtamani. Akajua nina shida ya mashine. Akaniambia: nipe huyo, nikupe mashine mpya ya farasi 40 na vijana wawili wenye nguvu. Nahodha alikuwa ameshaanza kusema anataka kwenda kununua mtumbwi wake mwenyewe, labda mwakani. Nikapiga hesabu ileile ya mwandishi wako: ataondoka tu, heri niondoke na kitu mkononi.

Nisiseme uongo, mashine ilikuwa nzuri. Ilinifanyia kazi miaka minne bila kelele. Kijana mmoja alikimbia kabla ya mwezi kuisha, mwingine bado ninaye mpaka leo na ana heshima zake. Mtu akitazama daftari langu atasema mama ulifanya biashara.

Daftari halikuandika vijana wangu wa zamani. Wale watano waliokuwa wakiutazama ule mkono. Asubuhi ya kwanza walirudi na mabeseni matatu, na walipofika ufukweni hakuna aliyeniangalia usoni. Mmoja akaniambia, kwa adabu zote, "Sisi tulidhani tunajenga, mama. Kumbe tunasubiri bei." Kufika Krismasi watatu walishahamia mitumbwi mingine. Na kila alfajiri ya giza nilikuwa naona mitumbwi ya yule tajiri ikipita mbele ya Kibirizi imezama mpaka mdomoni kwa uzito, nahodha wangu amesimama mbele, ananipungia. Alikuwa hana kinyongo. Ndicho kilichoniuma.

Nahodha yule alikaa kwa yule tajiri miaka sita. Wala hakununua mtumbwi.

Detroit wana vijana wanaoutazama mkono. Riley Greene, Kerry Carpenter, Dillon Dingler anayedaka, wote wamekua pamoja kwenye timu iliyokuwa inachekwa. Hawajawa mabingwa tangu 1984. Wamefika fainali 2006 na 2012, wakafungwa zote. Sasa wameingia hatua za mwisho miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025, na mwandishi wako anawaambia: subirini tena kidogo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi, 11 Oktoba 2025, mitumbwi yangu ilikuwa juu mchangani, mbalamwezi ilikuwa kali, hakuna wa kwenda ziwani. Nikaweka simu kwenye debe, saa tisa usiku, Detroit dhidi ya Seattle, ugenini, mechi ya tano na ya mwisho kati yao, anayefungwa anakwenda nyumbani. Skubal alirusha vipindi sita kati ya tisa vya kawaida. Aliwakosesha wapigaji 13 wakarudi kukaa. Mjukuu wangu hakuwa anaongea tena, namsikia tu anapumua kwenye simu, na nikaikumbuka ile pumzi ya mtumbwini. Carpenter akapiga mpira ukatoka nje ya uwanja, na kwao hilo ndilo pigo kubwa, Detroit wakaongoza 2 kwa 1. Kocha A.J. Hinch akamtoa Skubal, mkono ulikuwa umechoka. Kipindi cha saba Seattle wakasawazisha. Kisha hakuna aliyepata kitu. Kipindi cha tisa, cha kumi, cha kumi na mbili. Jogoo wakawika, kukapambazuka, mama wa chai akapita akaniuliza kama nimefiwa. Kipindi cha kumi na tano Seattle wakapata moja, 3 kwa 2, imekwisha, saa mbili asubuhi, jua liko juu ya vichanja.

Mtu aliyeona mechi ile, halafu akasema dawa ni kumwondoa Skubal, aliona nini? Pointi moja ndiyo aliyoruhusu. Kilichopungua ni wapigaji wa kumsaidia. Kama nyumba inavuja hubomoi nguzo ili upate fedha za bati.

Hapa jirani yangu mmoja, mwalimu mstaafu anayesoma kila kitu, alinipinga. Alinionyesha Milwaukee. Walimtoa Corbin Burnes kwenda Baltimore Februari 2024, mkataba wake ukiwa umebaki mwaka mmoja kama huu wa Skubal, wakaendelea kuongoza kundi lao 2024 na 2025. Baltimore walikaa naye mwaka mmoja, akaondoka kwenda Arizona kwa dola milioni 210, na Juni 2025 akapasuliwa kiwiko. Sikuwa na jibu la haraka, na sina hata leo la kumfunga mdomo kabisa. Ninachoona ni kwamba Milwaukee walipewa Joey Ortiz, mtu aliyeingia uwanjani mwaka uleule akacheza. Detroit wakiletewa watu wa namna hiyo, wa kuanza kazi msimu unapofunguliwa, nitalisikiliza. Wakiletewa tena majina ya vijana wa kusubiriwa mpaka 2029, basi.

Hilo la kiwiko mwandishi wako alilitumia pia, kwamba uza kabla mkono haujavunjika. Ni kweli mikono ya warushaji ni mayai. Skubal mwenyewe alipasuliwa kiwiko akiwa chuoni, ile operesheni wanayoiita kwa jina la Tommy John, mrushaji wa kwanza kufanyiwa, mwaka 1974, na daktari Frank Jobe: wanachukua kano sehemu nyingine ya mwili wanaifunga mahali pa ile iliyokatika. Mwaka 2022 akapasuliwa tena, kano ya msuli wa mkono. Lakini Mhariri, anayenunua naye ana macho. Kama mkono unatia shaka, bei inashuka hukohuko mezani. Huwezi kumuuzia mtu dagaa waliopigwa mvua kwa bei ya jua, labda awe mgeni, na timu za Marekani si wageni kwa hayo.

Na kwa wanaosema mimi ni shabiki wa mbali sielewi biashara: tarehe 25 Julai 2021 nilikuwa Uwanja wa Lake Tanganyika hapa Kigoma, fainali ya kombe la Azam, Simba wakamfunga Yanga bao moja la Taddeo Lwanga. (Wiki ile niliuza dagaa kwa watu wa Dar es Salaam mpaka nikaazima mzani.) Mwezi uliofuata Simba wangu wakawaachia Clatous Chama kwenda Berkane ya Morocco na Luis Miquissone kwenda Al Ahly. Fedha ziliingia, ndiyo. Ligi iliyofuata Yanga waliichukua bila kufungwa hata mechi moja, na kufika Januari Simba walikuwa wameshamrudisha Chama. Hapo walipata na fedha za kununulia wengine. Detroit hawatapata hata hizo.

Rai yangu wamkalishe Skubal mezani na waweke fedha mbele yake, fedha za kweli. Akikataa, acheze 2026 pamoja na vijana waliomzoea, na vijana wengine wanaokuja, Kevin McGonigle na Max Clark, wamwone anavyofanya kazi kabla hajaondoka. Mwaka mmoja wa kuutazama ule mkono si mdogo.

Mwisho, naomba masahihisho. Mwandishi wako aliandika kwamba Skubal anarusha kwa mkono wa kulia. Ni wa kushoto. Mjukuu wangu nilimsomea habari ile kwenye simu, akanyamaza kwa aya nzima ya biashara, nilipofika hapo ndipo akapiga kelele. Kisha akaniuliza kama Skubal akipelekwa timu nyingine nitaivua fulana. Nikamwambia fulana ile imeshashika harufu, hata Los Angeles hawaitaki.

Mama Ishirini na Tisa,
Kibirizi, Kigoma